Shaaban Robert na Hesabu ya Umri: Maisha ya Mwanafunzi Asiyehitimu

Utangulizi

Mwezi wa Disemba unapokaribia ukingoni, fukwe za Mombasa hujaa watu. Katika ufuo wa Shelly, upande wa Likoni, wakazi wa kisiwani huvuka kwa feri na kuungana na wenyeji wa Likoni, Mtongwe na vitongoji vya jirani. Watoto huoga, vijana hucheza kandanda mchangani, na watu wazima huketi vivulini wakizungumza. Mazungumzo hayo aghalabu huishia kwenye hesabu: mwaka umeleta nini, umechukua nini, na mwaka ujao utakuwaje. Wanafunzi wa vyuo nao hufanya hesabu yao, ambayo mara nyingi haivuki alama za mitihani. Kisha maazimio hutolewa: kusoma zaidi, kuandika zaidi, kuacha mazoea mabaya. Kabla ya masika kuanza, mengi ya maazimio hayo huwa yamesahauliwa.

Desturi ya kuutazama mwaka unapogeuka si ngeni katika pwani hii. Kabla ya kalenda ya ofisini kutawala, Waswahili walikuwa na Siku ya Mwaka, au Nairuzi, iliyofuata hesabu ya jua. Siku hiyo watu waliingia baharini kuoga mwaka, na katika sehemu nyingi moto wa zamani ulizimwa mekoni ukawashwa mpya. Waislamu wana mwaka wao wa Hijria, na Wakristo wana ibada zao za mkesha. Katika mila zote hizi wazo ni moja, yaani binadamu huyaacha ya kale na kuanza upya. Hata hivyo, tatizo linabaki palepale. Kuoga ni tendo la siku moja, ilhali kubadilika ni kazi ya siku zote.

Barabara inayotoka kivukoni Likoni na kuelekea kusini hupita Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, huvuka mpaka Horohoro, na kufika Tanga. Katika mwambao huo wa Tanga alizaliwa na kuzikwa mwandishi ambaye maisha yake yanalijibu tatizo hili kwa namna ya pekee. Huyo ni Shaaban Robert. Wanafunzi wa Kiswahili humjua kama mshairi na mwandishi wa riwaya, na hukariri majina ya vitabu vyake kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, kama mtu aliyekuwa na tabia ya kuyarejea maisha yake mwenyewe, kuyapima, na kukigeuza alichokiona kuwa somo, kwanza kwake na kisha kwa wengine. Kwake yeye hesabu ya umri haikungoja mwisho wa mwaka. Ilikuwa kazi iliyomchukua muda wa miaka zaidi ya thelathini.

Kuzaliwa na masomo

Kumbukumbu zinaeleza kwamba Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Kwa hiyo, kila mwaka wa kalenda ya kizungu ulipogeuka, umri wake nao uligeuka. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907 tu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, mwezi Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yalijaribu kuuteka mji wa Tanga yakashindwa. Vita kuu ilipokwisha, Tanganyika iliangukia mikononi mwa Waingereza. Hivyo basi, mtoto huyu aliziona serikali mbili za kigeni kabla hajafikisha miaka kumi na miwili.

Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijitambua na kujitangaza kuwa Mswahili. Jambo hili si dogo. Alilelewa katika jamii ya pwani iliyowapokea watu wengi kutoka bara na kuwapa lugha moja, na lugha hiyo ndiyo aliyoifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Katika mtihani wa kumaliza masomo alikuwa wa pili miongoni mwa watahiniwa kumi na mmoja. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule, hapo ndipo njia ya shule ilipokoma. Hakukuwa na chuo kikuu cha kumpokea nchini, na cheti alichokipata kilitosha kumpatia kazi ya ukarani. Wengi wa rika lake walikihesabu cheti kama hicho kuwa kilele cha elimu. Shaaban Robert alikihesabu kuwa mlango, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote yaliyofuata.

Karani mchana, mwanafunzi usiku

Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, na akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1944, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Pangani ni mojawapo ya vituo vinavyojulikana zaidi katika maisha yake. Kazi ya forodha ni kazi ya kuandika na kuhesabu. Shehena huorodheshwa, ushuru hukadiriwa, na mapato hupatanishwa na stakabadhi. Karani wa forodha hangojei mwaka wote kupita ndipo afungue daftari. Akifanya hivyo makosa madogo hujilimbikiza mpaka yasiweze kurekebishwa. Si ajabu kwamba mtu aliyeishi miaka kumi na minane katika kazi ya namna hiyo alikuwa na mazoea ya kuyatazama mambo yake mara kwa mara.

Masomo yake ya kweli yalianza baada ya saa za kazi. Alisoma alichoweza kukipata kwa Kiswahili na Kiingereza, akaanza kutunga mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja ambamo washairi wa Kiswahili wa sehemu mbalimbali walikutana, wakajibizana na kusahihishana. Kwa mtu asiye na mwalimu wala maktaba, gazeti lilikuwa darasa. Shairi lilipochapishwa lilisomwa na wajuzi wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na kwingineko, na mtunzi alijifunza kutokana na mapokezi yake.

Wakati huohuo lugha yenyewe ilikuwa ikipangwa upya. Mwezi Juni 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi ambao haukuwafurahisha wapenzi wa Kimvita. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Siku hiyo karani wa Tanga alitimiza miaka ishirini na mmoja. Hakuna aliyemjua katika kamati ile, na wajumbe walioiongoza walikuwa Wazungu. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alikuja kuwa mjumbe wa kamati iliyorithi kazi hiyo. Hakuingia kwa shahada, bali kwa umahiri aliojipatia peke yake.

Barua kwa ndugu

Ushahidi mkubwa wa tabia yake ya kujitathmini umo katika barua. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua nyingi ambazo zilihifadhiwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Yusuf Ulenge alikuwa mwalimu, na mwandishi pia. Kitabu chake cha hadithi, Nguzo ya Maji, hujulikana kwa wasomaji wa fasihi ya miaka ya 1950.

Barua hizo zinachukua takribani miaka ishirini na saba. Zinazungumzia familia, kazi, fedha, magonjwa, misiba, vitabu na matumaini. Hazikuandikwa kwa ajili ya umma. Ndani yake msomaji hamkuti bingwa wa lugha aliyezoeleka katika vitabu vya shule. Humkuta mtu anayehangaika, anayepanga, anayeshindwa na kupanga tena. Kaka anamshauri mdogo wake, lakini katika kumshauri anajishauri mwenyewe pia. Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya azimio na barua. Azimio la mwisho wa mwaka hubaki moyoni mwa mwenye kuazimia, na likivunjwa hakuna anayejua. Barua ina msomaji. Mtu akimwandikia nduguye kwamba anakusudia jambo, barua inayofuata itabidi ieleze jambo hilo limefikia wapi.

Kwa hiyo, Shaaban Robert alikuwa na shahidi wa ukuaji wake kwa zaidi ya robo ya karne. Hili ni somo ambalo mwanafunzi wa leo, mwenye simu na nafasi ya kuandika kila dakika, anaweza kulikosa kwa urahisi. Njia za mawasiliano zimeongezeka mno, lakini mazungumzo marefu na mtu mmoja, mwaka hadi mwaka, juu ya kile anachojaribu kuwa, si jambo la kawaida.

Msiba na wosia

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto. Msiba huo aliutungia shairi ambalo limebaki kuwa mojawapo ya maombolezo mashuhuri zaidi katika ushairi wa Kiswahili. Shairi hilo humtaja marehemu kwa jina, jambo linaloonyesha kwamba mtunzi hakutaka huzuni yake ijifiche nyuma ya mafumbo.

Lakini hakuishia kwenye maombolezo. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za wosia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Kwa kufanya hivyo aliifuata njia ya kale ya pwani, ambayo wanafunzi wa fasihi wanaijua kutokana na Utendi wa Mwana Kupona wa karne ya 19, ambamo mzazi anamwusia mtoto. Katika kumwambia mtoto yaliyo mema, mzazi hulazimika kujiuliza yeye mwenyewe ameyaishi kiasi gani. Wosia ni hesabu ya umri iliyogeuzwa uso na kuelekezwa kwa atakayebaki.

Msomaji wa leo hatakubaliana na kila shauri lililomo humo. Mafunzo yanayompasa binti kumtii mume yanafuata mila za wakati ule, na wahakiki wa fasihi wameyahoji kwa haki. Hata hivyo ni vyema kulitazama jambo lililokuja baadaye. Mwaka 1950, muda mfupi kabla ya kifo cha mwimbaji Siti binti Saad, Shaaban Robert alimwendea kumhoji kuhusu maisha yake, na wasifu aliouandika ulitolewa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara. Aliingia mjini akiwa mtu mzima, akajifunza kuimba na kughani kwa Kiarabu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Mtunzi aliyekuwa amemwusia bintiye utii alikaa mbele ya mwanamke aliyejitengenezea njia katika jamii iliyomdharau, akamsikiliza, kisha akamwandika kama kielelezo kwa wanaume na wanawake. Mtu anaweza kuzisoma kazi hizi mbili kama hatua mbili za fikra moja iliyokuwa bado inasafiri.

Miaka ya vita na uhamisho

Vita kuu ya pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha 1945, aliifuatilia na kuiandikia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye kadiri ya beti elfu tatu. Kazi kama hiyo haiwezi kutungwa kwa msukumo wa siku moja. Inahitaji mtunzi anayerudi mezani kila mara, akiyapanga matukio ya Ulaya, Asia na Afrika katika mizani nane za kila mshororo. Ni zoezi la ustahimilivu kadiri lilivyo zoezi la sanaa. Mtunzi hakuuona ukichapishwa, kwa kuwa ulitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake.

Katika kipindi hicho, mwaka 1944, aliondoka katika idara ya forodha na kuhamishiwa katika idara iliyoshughulikia wanyama, akaenda kufanya kazi Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji hadi 1960. Safari hizi zilimwonyesha ubaguzi wa rangi ulivyokuwa ukimfuata Mwafrika ofisini na njiani. Alitumika chini ya wakubwa wa kigeni muda wote wa utumishi wake, na hakuwahi kupewa cheo kinacholingana na akili yake.

Maisha Yangu na Kusadikika

Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka arobaini, kilichapishwa kitabu chake cha Maisha Yangu. Katika fasihi ya Kiswahili ya wakati huo ilikuwa nadra Mwafrika kuandika na kuchapisha habari za maisha yake kwa hiari yake na kwa lugha yake. Kitabu hiki hakijengwi juu ya mambo ya ajabu. Kinazungumzia kazi, ndoa, msiba, safari na malezi, na kila tukio huulizwa limemfundisha nini mwandishi. Tenzi za watoto zimeunganishwa na masimulizi hayo, hivi kwamba wasifu na wosia vinakuwa kitu kimoja.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1951, ilitoka riwaya ya Kusadikika. Riwaya hii husomwa kama kijembe kwa utawala wa kikoloni, na usomaji huo una msingi. Lakini inaweza pia kusomwa kama hadithi ya taifa linalokataa kujifunza. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na mshtaki wake ni Majivuno. Katika kujitetea kwa siku sita, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo mema aliyoyaona, na kila mmoja alitupwa gerezani badala ya kusikilizwa.

Huu ni mfano mzito kwa yeyote anayefanya hesabu ya mwaka. Kila mwaka humletea mtu wajumbe wake, kama vile kosa alilolifanya, kitabu alichokisoma, rafiki aliyemkosoa, jaribio lililoshindikana. Wakiwa hawasikilizwi, wanafungwa katika sahau, na mwaka unaofuata hutuma wengine kwa ujumbe uleule. Majivuno ndiye anayefunga mlango wa gereza, na mwandishi hakumpa jina hilo kwa bahati. Mwishoni mwa riwaya mfalme anamwachilia Karama, na wajumbe nao wanafunguliwa. Nchi inaanza kutengenea pale tu inapokubali kuyarejea yale iliyokwisha kuambiwa.

Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968, inaendeleza wazo hilohilo kwa sura ya mtu mmoja. Utubora, baada ya vita kuu kwisha, anaiacha kazi ya ofisini yenye mshahara na kwenda kulima shamba. Anaichunguza njia aliyomo, anaona kwamba haimfikishi kwenye utu anaoutaka, anageuka. Uamuzi wenyewe ni wa siku moja, lakini sehemu kubwa ya kitabu inahusu kazi ya kila siku inayoufanya uamuzi huo uwe kweli.

Heshima na lawama

Sifa ya Shaaban Robert ilienea akiwa hai. Alipata Tuzo ya Margaret Wrong iliyotolewa kwa waandishi wa Kiafrika, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Aliendelea kusoma hata baada ya kusifiwa. Mwaka 1952 ilichapishwa tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, alizozipata kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Karani aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na saba alikuwa sasa akipitisha ushairi wa Kiajemi katika Kiswahili.

Wahakiki waliomfuata hawakumsifu kwa kila jambo. Wapo waliosema kwamba wahusika wake ni majina ya tabia kuliko watu wenye damu, kwamba Adili hawezi kuwa ila mwadilifu na Majivuno hawezi kuwa ila mwenye majivuno. Wapo walioona kwamba mawaidha huielemea hadithi. Wapo pia walioiuliza nishani ya mkoloni inakaa vipi kifuani mwa mwandishi wa Kusadikika. Hoja hizi zina uzito, na mwanafunzi wa fasihi hapaswi kuzikwepa kwa sababu ya heshima.

Hata hivyo lawama ya mawaidha inahitaji kupimwa kwa makini. Mwandishi huyu hakuyatenga mawaidha na maisha yake. Yale aliyowaambia wasomaji juu ya subira, kazi na elimu yanaonekana pia katika barua alizodhani zitasomwa na mtu mmoja tu. Mtu anaweza kuchoshwa na mahubiri yake, lakini si rahisi kumwita mnafiki.

Baada ya miaka hamsini

Tarehe 1 Januari 1959 Shaaban Robert alitimiza miaka hamsini. Alikuwa amekwisha kuandika wasifu wake mara moja, na angeweza kuiona hesabu kuwa imefungwa. Badala yake aliandika sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ambayo leo husomwa pamoja na Maisha Yangu ndani ya jalada moja. Kurudi huku ni jambo la kuzingatiwa. Mtu aliyeandika habari zake akiwa na miaka arobaini alikubali kwamba miaka kumi iliyofuata imemfundisha mambo ambayo kitabu cha kwanza hakikuyajua.

Katika miaka hiyohiyo alijaribu pia jambo jipya kabisa, kuvitoa vitabu vyake mwenyewe mjini Tanga badala ya kuwategemea wachapishaji wa nje. Insha na Mashairi ilitoka hivyo mwaka 1959, na Almasi za Afrika mwaka 1960. Vitabu vyake vya awali vilikuwa vimechapishwa mikononi mwa makampuni ya Uingereza na chuo cha Afrika Kusini. Mtu anayestaafu kazi ya serikali akiwa na miaka hamsini na mmoja, kisha akaanza kujifunza biashara ya vitabu, hajaihesabu elimu yake kuwa imekwisha.

Muda haukumsubiri. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961, na mwezi Juni 1962 Shaaban Robert alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Aliishi katika nchi huru kwa takribani miezi sita. Alizikwa Vibambani, kijiji alikozaliwa. Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote na Utenzi wa Vita vya Uhuru vyote vilichapishwa kati ya mwaka 1967 na 1968. Sehemu kubwa ya kazi iliyomjengea jina ilikuwa bado miswada siku aliyokufa.

Hitimisho

Maisha haya yanatoa mafunzo matatu kwa mwanafunzi anayeutazama mwaka wake. La kwanza ni kwamba hesabu haifai kungoja Disemba. Shaaban Robert aliifanya katika barua, katika mashairi ya gazetini, katika wosia na katika wasifu, na kila aina ya maandishi ilikuwa na kipimo chake cha wakati. La pili ni kwamba hesabu inahitaji msikilizaji. Ndugu, mtoto na msomaji walimfanya aseme waziwazi alilolijifunza, na kwa kulisema akawajibika nalo. La tatu, ambalo ni gumu zaidi, ni kwamba hesabu ya kweli huishia kwenye kazi. Majonzi yake yalizaa tenzi. Hasira yake juu ya dhuluma ilizaa Kusadikika, na miaka yake hamsini ikazaa kitabu kingine.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kulichukua hili kwa vitendo. Mwanafunzi wa Likoni au Kisauni anayekwenda nyumbani likizo anaweza kuanza kumwandikia mwenzake mmoja kila mwezi juu ya alichokisoma na alichoshindwa kukielewa, na kuendelea hivyo baada ya kuhitimu. Hakuna ada inayohitajika, wala ruhusa ya mtu. Shaaban Robert alianza na cheti cha mwaka 1926, nafasi ya pili kati ya watahiniwa kumi na mmoja, na saa chache zilizobaki baada ya ofisi kufungwa. Miaka thelathini na sita baadaye, kifo kilimkuta akiwa na miswada mezani.